Mkono, Sikio na Dhamana: Istilahi za Kurekodi Muziki kwa Mfano wa Albamu ya Kwanza ya Bon Iver

Ikisiri

Makala haya yanachunguza upungufu wa istilahi za Kiswahili zinazowataja wahusika wa kurekodi muziki. Mfano unaotumika ni For Emma, Forever Ago, albamu ya kwanza ya Bon Iver wa Marekani, ambayo Justin Vernon aliitunga, akaiimba, akaipiga na kuirekodi karibu yote peke yake katika majira ya baridi ya 2006 na 2007. Kwa kuwa kazi hizo zilimwangukia mtu mmoja, albamu hiyo inatuwezesha kuzitazama kama kazi, bila kuzichanganya na watu. Makala yanaonyesha kwamba neno mtayarishaji linabeba dhana tatu zilizo tofauti, na kwamba kuliacha lilivyo katika sheria na mikataba ya Kiswahili kunaweza kumpa fundi haki ya msanii au kumnyima fundi haki yake. Vilevile, makala yanahoji desturi ya kuifasiri dhana ya lofai kuwa "ubora duni". Mwishoni yanapendekeza istilahi nne na maswali mawili ya kuulizwa kabla mkataba haujaandikwa.

Maneno muhimu: istilahi, hakishiriki, rekodi ya sauti, lofai, mtayarishaji

1.0 Utangulizi

Kiswahili kina hazina kubwa ya maneno ya kuwataja watu wa wimbo. Aliyetunga ni mtunzi. Akibobea katika fani huitwa malenga. Anayeongoza ngoma na kuzitoa nyimbo zake ni manju. Bingwa wa kupiga ngoma ni sogora. Wanaopokea wimbo ni waitikiaji. Katika taarabu ya pwani, aliyeandika shairi anaweza kuwa mtu mmoja, aliyelitia muziki akawa mwingine, na anayeliimba jukwaani akawa wa tatu. Wasikilizaji hawapati tabu kuwatofautisha, na mara nyingi humtaja kila mmoja kwa sifa yake.

Hazina hiyo inapungua ghafla tunapofika kwenye tendo la kunasa wimbo ili usikike tena. Karibu kila mtu aliye upande wa pili wa kioo cha studio huitwa mtayarishaji, mzalishaji au, katika mazungumzo ya kila siku, prodyuza. Jina hilo hupewa anayebonyeza mitambo, anayemshauri mwimbaji arudie ubeti, anayetengeneza mdundo, anayelipia saa za studio, na hata kampuni inayouza kazi ikishakamilika. Katika mazungumzo, muktadha hutuokoa. Katika sheria na mkataba, muktadha hautoshi, kwa sababu haki hulifuata neno lililoandikwa.

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wakati huu. Sheria za hakimiliki za nchi zetu, zikiwemo ile ya Tanzania ya 1999, ya Kenya ya 2001 na ya Uganda ya 2006, zilitungwa kwa Kiingereza. Nchini Tanzania, marekebisho ya sheria ya 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kuzifasiri sheria ikapata msukumo mpya. Mfasiri anayefika kwenye kifungu kinachomlinda mwenye rekodi ya sauti atalazimika kuchagua neno, na atakalolichagua litaamua nani atadai malipo.

Makala haya yanalikabili suala hilo kwa njia ya mzunguko kidogo: yanachambua albamu moja ya Marekani. Sababu ni ya kimbinu. Pale watu watano wanapofanya kazi tano, ni rahisi kudhani kwamba tofauti zilizopo ni za watu wenyewe, yaani vyeo vyao, umri wao au mifuko yao. Pale mtu mmoja anapozifanya zote, kinachobaki kutofautishwa ni kazi zenyewe.

2.0 Albamu na mazingira yake

Justin Vernon ni mzaliwa wa Eau Claire, jimbo la Wisconsin, kaskazini mwa Marekani. Kabla ya albamu hii alikuwa katika bendi ya DeYarmond Edison, iliyokuwa imehamia Raleigh, North Carolina. Mwaka 2006 bendi hiyo ilivunjika, uhusiano wake wa kimapenzi ukafikia mwisho, naye akaugua kwa muda mrefu. Akarudi Wisconsin na kuishi katika kibanda cha baba yake cha kuwindia, porini kaskazini-magharibi mwa jimbo hilo. Alikaa huko takriban miezi mitatu ya baridi kali, akipasua kuni, akiwinda na, polepole, akirekodi.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: gitaa kuukuu la Silvertone, kompyuta yenye programu ya Pro Tools, na maikrofoni ya Shure SM57, aina ya kawaida kabisa ambayo hupatikana katika kumbi na studio nyingi duniani. Alirekodi sauti yake nyembamba ya juu, akairudia mara nyingi, na kuzipanga sauti hizo tabaka juu ya tabaka hadi mtu mmoja akasikika kama kwaya. Namna alivyopata maneno inawahusu watafiti wa lugha moja kwa moja. Mara nyingi alianza kwa kuimba silabi zisizo na maana juu ya muziki, kisha akaisikiliza rekodi hiyo tena na tena, akitafuta maneno yanayoafikiana na sauti zilizokwisha kusikika. Kwa hiyo rekodi haikuja baada ya utunzi kukamilika; ilikuwa sehemu ya utunzi.

Vernon mwenyewe alizichukulia rekodi hizo kama demo, yaani mifano ambayo baadaye ingerekodiwa upya kwa vifaa bora. Marafiki waliozisikia walimshawishi aziache zilivyo. Wapigaji wengine waliongeza sehemu chache, hususan tarumbeta zinazosikika katika wimbo wa For Emma. Julai 2007 alizitoa mwenyewe, kwa nakala 500 za CD. Nyimbo ni tisa na urefu wake wote hauzidi dakika 40. Baada ya waandishi wa muziki kuisifu, lebo ya Jagjaguwar ya Indiana iliitoa tena Februari 2008, na lebo ya 4AD ya Uingereza ikaitoa Ulaya mwaka huohuo.

Jina Bon Iver limetokana na salamu ya Kifaransa ya kutakiana majira mema ya baridi, kwa tahajia iliyobadilishwa makusudi. Ni jina la bendi, lakini wakati albamu inarekodiwa bendi haikuwepo. Wapigaji kama Sean Carey walijiunga baadaye ili nyimbo hizo ziweze kupigwa jukwaani; Carey alikuwa amejifunza sehemu zake kwa kuisikiliza rekodi. Kwa lugha nyingine, albamu ndiyo iliyoizaa bendi. Hili si jambo dogo kwa mwanasheria, kwa kuwa jina lililo kwenye jalada halimtambulishi mtu yeyote. Anayeandika mkataba lazima amtafute mtu, au chombo kilichosajiliwa, nyuma ya jina.

3.0 Lofai si ubora duni

Muziki wa albamu hii huwekwa na wahakiki katika foku huru ya lofai. Foku hapa ni mkondo wa Marekani wa wimbo unaobebwa na gitaa na sauti ya mwimbaji; haulingani na muziki wa jadi kwa maana tuliyoizoea. Huru ni kwa sababu kazi ilifanywa nje ya kampuni kubwa. Neno lofai ndilo lenye utata.

Asili yake ni kinyume cha haifai, sifa iliyotumiwa na watengenezaji wa redio na santuri katikati ya karne ya 20 kueleza chombo kinachoirudisha sauti karibu na ilivyotoka chanzoni. Kinyume chake kikawa rekodi ambamo chombo kinajisikia: mvumo wa tepu, mwangwi wa chumba, pumzi ya mwimbaji, mlio wa kiti. Mwaka 1979 kampuni ya TEAC ilitoa Portastudio 144, mashine iliyowezesha kurekodi njia nne kwenye kaseti ya kawaida. Mwanzoni mwa 1982 Bruce Springsteen aliitumia mashine hiyo nyumbani kwake New Jersey kuandaa demo. Alipojaribu kuzirekodi nyimbo nyingi kati ya hizo na bendi yake studioni, hakuridhika, na ile kaseti ndiyo iliyokuwa albamu ya Nebraska. Miaka 20 baadaye, 2002, lebo ya Sub Pop ilitoa The Creek Drank the Cradle, albamu ya kwanza ya Iron & Wine, ambayo Sam Beam aliirekodi nyumbani kwa mashine ya njia nne. Albamu ya Vernon ipo katika ukoo huu.

Je, neno hili lifasiriwe vipi? Fasiri tatu huja akilini upesi, na kila moja ina kasoro.

Ya kwanza ni "sauti ya ubora duni". Kasoro yake ni kwamba inatoa hukumu mahali panapohitajika maelezo. Zaidi ya hayo, kifundi si sahihi. CD za albamu hii zimebeba sampuli 44,100 za sauti kwa kila sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 16, sawasawa na CD ya okestra yoyote. Kipimo cha chombo cha mwisho hakikupungua. Kilichokuwa tofauti ni chanzo: chumba kisichofunikwa kwa vizuia mwangwi, maikrofoni ya kawaida, na uamuzi wa kuacha alama za chumba zisikike.

Ya pili ni "sauti ghafi". Ghafi ni kitu ambacho hakijafanyiwa kazi, kama tunavyosema malighafi au data ghafi. Lakini sauti iliyorudiwa na kupangwa tabaka kwa wiki kadhaa haiwezi kuitwa ghafi. Kazi iliyofanywa ni nyingi. Haikuelekezwa tu kwenye kufuta alama za mahali.

Ya tatu ni "rekodi ya nyumbani". Hii inataja mahali, na mahali hapaamui sauti. Siku hizi rekodi safi kabisa inaweza kufanywa sebuleni, na studio ya gharama kubwa inaweza kutoa lofai kwa makusudi.

Kwa sababu hizo, makala haya yanaona ni salama zaidi kulikopa neno lofai, kama tulivyokopa redio na kaseti, na kulieleza hivi: mtindo wa kurekodi ambao unaziacha alama za chombo na chumba zisikike kama sehemu ya kazi. Maelezo haya hayasifu wala hayalaumu. Yana faida pia kwa mtunga sera. Kanuni ya mashindano, ya ruzuku au ya kuhifadhi kumbukumbu za sauti inayodai "rekodi yenye ubora" bila kufafanua kipimo inaweza kuifungia nje kazi iliyorekodiwa chumbani, hata kama mtindo huo umechaguliwa na mwenyewe. Ikitaja kipimo cha faili, haitamfungia nje mtu kwa sababu ya chumba chake.

4.0 Kazi zilizomo ndani ya mtu mmoja

Tukirudi kwenye kibanda cha Wisconsin, tunaweza kuziorodhesha kazi alizozifanya Vernon kwa kuuliza, kila mara, nini kingebaki kama mtu mwingine angeichukua kazi hiyo.

Kwanza alitunga. Utunzi unaweza kuondoka na kuishi kwingine. Mwaka 2011 mwimbaji wa Uingereza anayeitwa Birdy, aliyekuwa na umri wa miaka 14, alitoa rekodi yake ya Skinny Love, mmoja wa nyimbo za albamu hii, kwa piano. Vernon alibaki mtunzi wa wimbo huo, ila rekodi iliyosikika redioni haikuwa yake. Hakimiliki ya mtunzi ndiyo iliyo kongwe zaidi kimataifa. Msingi wake ni Mkataba wa Berne wa 1886, uliofikiwa kabla rekodi za muziki hazijawa bidhaa ya kawaida.

Pili aliimba na kupiga. Uimbaji ni kazi ya mwili wa mtu fulani kwa wakati fulani. Birdy aliuchukua utunzi, hakuuchukua uimbaji wa Vernon. Kinyume chake kilitokea 2010, Kanye West alipotumia kipande cha rekodi ya Vernon ya wimbo uitwao Woods, wa 2009, ndani ya wimbo wake Lost in the World. Hapo kilichosafiri si utunzi pekee. Koo la Vernon lenyewe linasikika. Wapigaji wa tarumbeta nao wapo katika kundi hili la wasanii watendaji, hata kama hawakutunga wala kuamua lolote kuhusu albamu.

Tatu aliweka maikrofoni, akawasha kompyuta, akaangalia mizani ya sauti isizidi. Hii ni kazi ya mkono.

Nne aliamua ni sauti ipi irudiwe, ipi ifutwe, na kwamba kwaya ya mtu mmoja ilifaa kuliko sauti moja kavu. Hii ni kazi ya sikio. Mara nyingi mkono na sikio hukaa kwa mtu mmoja, lakini si lazima. Katika Nebraska, fundi wa Springsteen ndiye aliyeiendesha mashine, wakati maamuzi ya kisanaa yalikuwa ya Springsteen.

Tano alianzisha jambo lenyewe na kulibeba. Hapakuwa na kampuni iliyomtuma kibandani. Kama kazi ingeharibika, hasara ingekuwa yake. Kama mpigaji angedai kwamba hakutoa ridhaa, angedaiwa yeye. Hii ni kazi ya dhamana.

Sita, alizalisha nakala na kuzifikisha kwa watu. Kazi hii ndiyo iliyohama waziwazi, kutoka kwake Julai 2007 kwenda kwa lebo mwaka uliofuata. Lebo zilizoitoa albamu mwaka 2008 hazikuwepo wakati sauti inanaswa.

Katika Kiswahili cha leo, kazi ya tatu, ya nne na ya tano huitwa kwa jina moja: utayarishaji. Wakati mwingine hata ya sita huingizwa humo. Hapo ndipo palipo na tatizo.

5.0 Safari ya tafsili katika mikataba ya kimataifa

Tatizo la kuchanganya mkono na dhamana halikuanza kwetu. Linaweza kufuatiliwa katika mikataba mitatu.

Mkataba wa Roma wa 1961 uliwalinda watu wa aina tatu ambao Berne haikuwataja: wasanii watendaji, watayarishaji wa rekodi za sauti, na vyombo vya utangazaji. Haki zao ndizo ambazo sheria ya Tanzania, kwa Kiswahili, huziita hakishiriki. Mtayarishaji alielezwa katika mkataba huo kuwa ni mtu, au chombo cha kisheria, kinachonasa sauti kwa mara ya kwanza. Mkataba wa Geneva wa 1971, uliolenga kuzuia kunakili rekodi bila idhini, ulitumia maelezo yaleyale.

Yakisomwa neno kwa neno, maelezo hayo yanaelekea mkononi. Anayenasa ni nani kama si yule aliye kwenye mitambo? Wataalamu wa sheria hawakuyasoma hivyo. Walimwona fundi kuwa mwajiriwa wa kampuni, na kampuni kuwa ndiyo inayonasa. Usomaji huo ulikuwa rahisi kwa sababu wakati ule kurekodi kulihitaji mtaji mkubwa, na mwenye mtaji alijulikana.

Kadiri mashine zilivyopungua bei, usomaji huo ulianza kuyumba. Mkataba wa Shirika la Haki Miliki Duniani kuhusu utendaji na rekodi za sauti, uliopitishwa 20 Desemba 1996, ulibadilisha maelezo. Sasa mtayarishaji ni yule anayechukua hatua ya kuanzisha unasaji wa kwanza wa sauti na ambaye ana dhamana ya unasaji huo. Kitenzi kimehama: kutoka kunasa hadi kuanzisha na kubeba. Mkono umeondolewa katika tafsili, na dhamana imechukua nafasi yake.

Kwa albamu ya Vernon mabadiliko haya hayaleti tofauti yoyote. Aliyenasa na aliyeanzisha ni mtu yuleyule, kwa hiyo tafsili ya 1961 na ile ya 1996 zinafika mahali pamoja. Lakini ukimweka fundi mmoja tu ndani ya kibanda kile, tafsili hizo mbili zinaweza kutengana. Hiki ndicho kipimo ambacho istilahi zetu zinapaswa kukipita: je, neno tulilonalo linaendelea kumtaja mtu sahihi pindi fundi anapoingia chumbani?

6.0 Fundi anapoingia chumbani

Katika miji ya Afrika Mashariki fundi yumo chumbani karibu kila siku. Tangu kompyuta ya kawaida ianze kutosha kwa kurekodi, studio ndogo zimekuwa ndiyo njia kuu ya muziki wa vijana. Tofauti na kibanda cha Wisconsin, studio hizi huwa na angalau watu wawili: msanii na prodyuza. Hali tatu zinajirudia.

Katika hali ya kwanza msanii anakuja na wimbo wake, analipa kwa wimbo, anaondoka na faili. Prodyuza amerekodi na kuchanganya sauti. Mkono ni wa prodyuza, sikio ni la wote wawili, dhamana ni ya msanii. Kwa tafsili ya 1996, mwenye haki ya mtayarishaji ni msanii, ingawa mtaani hakuna atakayemwita hivyo.

Katika hali ya pili prodyuza anamwona kijana mwenye kipaji, anamwita, anamrekodi bila malipo kwa matumaini ya kugawana mapato. Hapa prodyuza ameanzisha na amebeba. Dhamana ni yake, pamoja na mkono na sikio. Msanii anabaki na haki ya mtunzi na ya mtendaji, ambazo ni zake bila kujali nani alilipia umeme.

Katika hali ya tatu mdundo ulikuwepo kabla ya maneno. Prodyuza ameutengeneza peke yake, na msanii ameandika mashairi juu yake. Hapa prodyuza ana haki nyingine kabisa, ya mtunzi mwenza wa muziki, hata kama studio ililipwa kikamilifu. Haki hii hupotea kwa urahisi katika mkataba wa Kiswahili, kwa sababu mwandishi wa mkataba anadhani kwamba neno mtayarishaji limekwisha kumtaja.

Sasa tuchukue sentensi ambayo mtu yeyote angeweza kuiandika kwa nia njema: "Rekodi hii ni mali ya mtayarishaji." Katika hali ya kwanza, sentensi hiyo inamnyang'anya msanii alichokilipia, kwa kuwa pande zote mbili zitamwelewa mtayarishaji kuwa ni prodyuza. Katika hali ya pili inasema kweli. Katika hali ya tatu haigusi kabisa jambo lenye mgogoro. Sentensi ni moja, lugha ni fasaha, sarufi haina dosari. Lakini neno moja limebeba mzigo wa watatu.

Inaweza kudaiwa kwamba tatizo hili lipo pia katika Kiingereza, ambamo neno lililoleta prodyuza hutumika kwa anayeongoza kazi studioni na kwa yule anayetajwa na sheria. Ni kweli. Hata hivyo, sheria ya Kiingereza imeizoea hali hiyo kwa miongo mingi, na wanasheria wake wameizungushia tafsili na maamuzi ya mahakama. Kiswahili cha sheria za hakishiriki bado kinajengwa. Hatuna sababu ya kurithi utata ambao wengine wanaubeba kwa mazoea.

7.0 Mapendekezo

Istilahi nzuri haipigani na matumizi yaliyokwisha kukomaa. Neno prodyuza limeota mizizi, na hakuna sababu ya kuling'oa. Kinachohitajika ni kulipa mipaka na kuyapa majirani yake majina. Makala haya yanapendekeza istilahi nne.

Fundi wa kurekodi atajwe kwa kazi ya mkono: kuweka maikrofoni, kuendesha mitambo na kuchanganya sauti kwa maelekezo. Malipo yake ni ujira, isipokuwa mkataba useme vinginevyo.

Prodyuza abaki kuwa jina la kazi ya sikio, yaani maamuzi ya kisanaa kuhusu namna wimbo utakavyosikika. Akitengeneza mdundo au sehemu nyingine ya muziki, mkataba umtaje pia kama mtunzi mwenza, kwa neno hilo hilo.

Mwenye dhamana ya rekodi litumike katika sheria na mikataba kwa yule aliyeanzisha unasaji wa kwanza na kuubeba. Ni kweli kwamba istilahi hii ni ndefu kuliko mtayarishaji. Urefu wake una faida: msomaji analazimika kuuliza dhamana ni ya nani, swali ambalo neno mtayarishaji humruhusu kuliruka.

Mchapishaji wa rekodi awe ni yule anayetoa nakala au kuzipandisha mitandaoni, liwe ni lebo, wakala au msanii mwenyewe. Neno mchapishaji tayari lina maana hii kwa vitabu, na wasomaji hawatapata shida kulipanua. Kwa kuwa katika biashara ya muziki neno hilo hutumika pia kwa anayesimamia haki za utunzi, sheria zisiliandike peke yake; maneno "wa rekodi" yasiondolewe.

Sambamba na istilahi hizo, waratibu wa mafunzo ya wasanii na ofisi za hakimiliki wanaweza kuingiza maswali mawili katika fomu zao za usajili: Ni nani aliyeamua kwamba wimbo huu urekodiwe? Na ni nani angewajibika kama rekodi isingekamilika au ingeleta madai? Majibu mawili yakiwa jina moja, mwenye dhamana amepatikana. Yakiwa majina tofauti, hapo ndipo mkataba unapohitajika, na ni heri uandikwe kabla wimbo haujapata umaarufu.

Kwa upande wa vyombo vya lugha, BAKITA na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ziko katika nafasi nzuri ya kuzipima istilahi hizi pamoja na wanasheria na watu wa studio katika nchi zote wanachama. Watu wa studio wasiachwe nje ya upimaji huo. Wao ndio wanaojua ni neno lipi litatamkwa na lipi litabaki kwenye karatasi.

8.0 Hitimisho

For Emma, Forever Ago husimuliwa zaidi kama hadithi ya mtu aliyejitenga na dunia akatoka na nyimbo. Kwa mtafiti wa lugha, thamani yake nyingine ni kwamba inaziweka kazi za kurekodi katika hali inayowezesha kuzihesabu. Tumeona kwamba utunzi wa albamu hiyo uliweza kwenda kwa mwimbaji mwingine, na kwamba uchapishaji wake ulihamia kwa lebo. Mkono, sikio na dhamana vilibaki kwa mtu mmoja, na kwa sababu hiyo havikugombana.

Kwetu vitatu hivyo hukaa kwa watu tofauti, mara nyingi marafiki, mara nyingi bila karatasi yoyote. Kadiri sheria zetu zinavyoingia katika Kiswahili, watu hao watasoma haki zao kwa lugha wanayoielewa, jambo ambalo ni faida kubwa. Itakuwa hasara kama, baada ya kuisoma sheria katika lugha yao, hawatajua neno lililoandikwa linamtaja nani miongoni mwao.